Dawa Isiyotaka Asante

Zahanati, milimani juu ya Matombo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua za Bukoba? Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto nautembelea kwa kuuonea huruma. Kisa chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko.

Mama, watu wa huku ni waungwana. Ukimpa mtu chumvi, anakushukuru mpaka unaona haya. Lakini mimi muuguzi wao nimewapa dawa mwaka mzima, sikusikia asante hata moja. Aliyenikera zaidi ni Mzee Kibwana, mgonjwa wa presha. Kila mwezi anapokea vidonge dirishani, anatazama dari, anatia mfukoni, huyoo. Hasira zangu unazijua, nimerithi kwa marehemu Baba. Siku moja, benchi limejaa wagonjwa, nikashikilia pakiti upande wangu, naye upande wake. Nikamwambia kwetu mtu akipewa kitu hushukuru.

Akaniomba taratibu, "Mwanangu, nipe tu niende." Nikakaza. Mwishowe akasema asante, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Benchi zima likaguna. Kina mama wawili wakabeba watoto wao wakaondoka bila kupimwa, na nilipotoka nje nikakuta vidonge vya Mzee vimeachwa juu ya jiwe.

Wiki mbili nilikaa peke yangu na mizani ya watoto. Nikajua tu wamehamia kwa Bibi Mwanahamisi, mganga wa miti shamba anayekaa juu zaidi mlimani. Nikavaa sare, nikapanda kwenda kumkabili. Njia ilikuwa tope tupu. Nikateleza, nikategua mguu, nikafika nachechemea, maneno yangu yote makali yameniruka. Bibi akanikalisha. Akaponda majani, akanifunga kwa kitambaa. Nami kwa malezi yako mema nikasema asante sana Bibi.

Akashusha pumzi, akafungua kitambaa, akatupa majani, akaanza upya. Nikashukuru tena, Mama, neno lilinitoka lenyewe! Mara ya tatu akaniziba mdomo kwa kiganja kichungu kama shubiri.

"Ukiishukuru dawa, umeiaga," akasema. "Inaondoka. Nyamaza upone."

Kumbe pembeni alikuwa amekaa Mzee Kibwana, miguu imevimba hadi ndala hazimwingii. Tangu siku ile ya dirishani alikuwa hajameza hata kidonge kimoja. Nilishikwa na aibu na hofu kwa pamoja. Mtu angekufa kwa ajili ya adabu zangu. Bibi akaniambia presha yeye haiwezi, hiyo ni kazi yangu, na kila siku anamfukuza Mzee arudi zahanati. Mzee anagoma, anaogopa nitamshukurisha tena.

Tukateremka wawili, mguu wangu na miguu yake, tukishikana njia nzima. Nikampima, nikampigia daktari wa mjini, akanielekeza. Nikampa Mzee vidonge, nikageuzia uso ukutani. Akaondoka kimya. Sijawahi kufurahia ukimya namna ile. Sasa miguu yake imenywea, benchi limejaa, na Jumatatu nilikuta mkungu wa ndizi mlangoni, hauna mwenyewe. Nilipomuuliza Mzee, akatazama dari.

Nisalimie kaka Mugisha, fundi wetu asiyemaliza kazi, na shangazi wa dukani, na jirani yule mwenye bata wanaokula mboga zetu.

Nakutumia kwa basi vidonge vyako vya presha. Vya mwezi uliopita ulinishukuru kwenye simu mpaka salio likaisha, na kaka anasema presha ikapanda tena. Mimi nimesomea uuguzi, mambo hayo siyaamini. Ila hivi vikifika, Mama, nakuomba sana: pokea, tazama dari, unyamaze.

Mwanao anayechechemea,
Koku