Kadi Yangu ya Grafiki Imo Mkobani, na Mume Wangu Anaitafuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya kitu nitakachokijutia, na unisamehe kama maandishi yanaruka, maana naandika nikiwa na hasira. Mimi ni mhariri wa video za harusi, nafanyia kazi katika chumba cha mbele nyumbani kwetu, na kompyuta yangu si mpya lakini ilikuwa inanitii, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kadi ya grafiki, ile inayobeba mzigo wa picha zote za kwenye skrini, kadi ya zamani ya giga mbili niliyoinunua mwenyewe baada ya kuuliza mafundi na kulinganisha mpaka macho yakaniuma. Sasa sikiliza nilivyofanyiwa.

Tunaishi na mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, mtu mzima mwenye kazi yake, tunamwita Bingwa, na ubingwa wenyewe ni wa kucheza gemu za magari chumbani kwake, kila siku analalamika eti magari yanakwama. Basi nikasafiri kwenda kumuuguza dada yangu, narudi, nakaa kwenye kazi, naona bibi harusi anaingia ukumbini kwa kushtukashtuka kama anakanyaga miba, nikigusa kitu kompyuta inaganda, feni inanguruma, nikadhani ni virusi, nikasafisha, nikafuta mafaili, wapi! Mama wa bibi harusi akaja kuangalia kazi ilipofikia, akamwona bintiye ameganda mdomo wazi, akaniambia mbele ya wenzake, "Mwanangu, kama kazi imekushinda si useme tu?" Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipoondoka nikafungua kasha la kompyuta, nikakuta kadi nisiyoijua. Nikamwita mume wangu, na wala hakuona haya! "Ah, nilisahau kukuambia. Mmebadilishana kadi na Bingwa, kompyuta nilizifungua mimi mwenyewe. Yako ilikuwa na giga mbili, hii ina giga nne. Umepewa mara mbili, unalia nini?" Nikamweleza kwamba giga ni nafasi ya kumbukumbu tu, si kasi, kwamba hii kadi ni ya tangu enzi, kumbukumbu yake ni ya aina ya polepole na ubongo wake ni dhaifu kuliko wa ile yangu. Akacheka. "Nne na mbili, ipi kubwa?" Eti mimi ndiye sijui hesabu! Nikasema haya, kama hii ni bora Bingwa aichukue, mimi nirudishiwe kibovu changu, na Bingwa aliyekuwa amesimama mlangoni akajibu upesi, "Hapana shemeji, mimi ile nimeshaizoea," akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Jana wote walipokuwa kazini niliingia kwa Bingwa, nikaichomoa kadi yangu, nikapima zote mbili kwenye kompyuta yangu, video ileile, programu ileile. Kwa ile ya giga nne nilipika, nikala, nikaosha vyombo, nikakunja nguo za nyumba nzima, haijafika hata nusu. Kwa yangu, chai haijapoa imemaliza! Lakini badala ya kusema nikashikwa na hofu, nikairudisha ile mbovu ndani ya kompyuta yangu, yangu nikaiviringisha kitambaa nikaitia mkobani. Bingwa karudi, skrini yake nyeusi tii, kapiga kelele, mume wangu kapindua makochi, kaniuliza, nikaapa sijui. Leo asubuhi ameniambia, "Nikigundua ni wewe, basi umechagua kipande cha chuma kuliko ndugu yangu." Mshauri, video inatakiwa wiki hii, nikishindwa yule mama atanitangaza kwa kila mwenye harusi na kazi yangu itakuwa imekwisha. Nifanyeje? Niirudishe kimyakimya ili nyumba itulie, au nifungashe niende zangu?

Mhariri Mwenye Hasira

*

Mhariri, pole. Sasa futa machozi nikugombeze.

Mimi kompyuta naziona kwa mbali tu, lakini nimemuuliza fundi, naye hakusita: uko sahihi. Kumbukumbu ni meza, ubongo wa kadi ni mikono ya mpishi, na meza hata uipanue mpaka uani, mpishi mvivu ni mvivu tu. Ila alionya kwamba siku ukiletewa video nzito kupita hizi, giga zako mbili nazo zitakubana, kwa hiyo usiiabudu kadi yako. Kwa kazi uliyonayo inatosha, umeona mwenyewe.

Lakini dada, unakera! Umepima vizuri kabisa, ushahidi unao, halafu mali yako mwenyewe unaificha mkobani kama mwizi wa kuku, na uongo juu! Wakikukuta nayo kesho, nani atauliza habari za giga? Watasema mwizi kapatikana. Mwenye kosa umemvisha kanzu ya mlalamikaji.

Halafu umeandika jambo zito ukalipita mbio. Ulipomwambia Bingwa achukue ile "bora", alikimbilia chumbani. Mtu anayelala na kuamka na gemu! Huyo hakukosea hesabu hata kidogo, alijua. Na mumeo alikuwa palepale, akasikia, akanyamaza. Kama hakujua kabla, alijua saa ile. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira mimi, kwa sababu mtu kudanganywa ni bahati mbaya, lakini kunyamaza ameamua mwenyewe.

Leo hii, wote wakiwepo, itoe hiyo kadi. Sema, "Niliichukua mimi, nikaapa uongo, kwa uongo huo nisameheni." Radhi iishie hapo, ukiongeza nyingine utanisikia. Ifunge kwenye kompyuta yako wakitazama. Ile ya giga nne mpe Bingwa mkononi, mwambie, "Shemeji, asante, hii imenizidi." Akinuna, anune. Usibishane, usipime tena, usimwite fundi wala mama mkwe. Chumba cha kazi kitie kufuli, ufunguo ukae nao wewe. Na habari za kufungasha ziache, maana ukiondoka utaiacha kompyuta, na Bingwa atafurahi mpaka jino la mwisho. Kisha kaa chini umalize harusi ya watu.

Mumeo akirudia kwamba umechagua chuma kuliko ndugu yake, usipaze sauti. Mwambie, "Mimi sikuchagua, maana sikuulizwa. Aliyechagua ni wewe, siku uliposhika bisibisi ukafungua kompyuta yangu mimi sipo."