Mama Amekufa, Majirani Wamenitumia Rambirambi kwa Simu

Mpendwa Shangazi wa redio, nakuandikia kabla sijafanya jambo la kujutia, naomba unisikilize mpaka mwisho maana huku Chiola hakuna tena wa kunisikiliza. Nina genge la nyanya, vitunguu na dagaa, mikorosho ya mume wangu Yasini msimu uliopita haikutoa kitu, kwa hiyo genge ndilo linalotulisha, na huku kwetu ukitokea msiba, awe Mwislamu awe Mkristo, wanawake wote wanafunga biashara wanakwenda kuchota maji na kupika, na mimi kwa shida zangu nilikuwa sifungi, nabaki peke yangu, na kusema kweli siku hizo nauza kuliko siku zote, lakini sijawahi kumtupa mtu, kila msiba natuma rambirambi yangu kwa simu, hata jirani yangu Dafrosa, mama Titus, alipofiwa na mumewe nilituma mapema kabla ya maziko, tena vitunguu vya kupikia watu vilinunuliwa kwangu.

Sasa mama yangu mzazi, Bi Zuleha, niliyekuwa nakaa naye, amefariki. Wanaume walikuja wakachimba kaburi, bibi wawili wakamwosha kwa kuwa ni faradhi, wakaondoka. Wanawake wengine hawakuja, Shangazi, hata mmoja. Nilichota maji mwenyewe, nikapasua kuni mwenyewe, ndugu zangu wa Ruangwa wananiangalia wanauliza hivi hapa mnaishi na nani, na simu inalia, naangalia, Dafrosa amenitumia rambirambi, inalia tena, Hadija, inalia tena, wote, mmoja baada ya mwingine, na sokoni magenge yao yako wazi. Nililia nimeshika sufuria. Mama yangu alipokuwa na miguu yake hakuna msiba alioukosa, leo wamemlipa nini? Arobaini inakaribia. Yasini anasema tukodi wapishi Ruangwa, watu wapate kula, halafu tuhamie huko huko, hawa wa Chiola tusiwajue tena. Mimi natamani niwashitaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Nifanye nini?

Faudhia, Chiola, Nachingwea

SHANGAZI ANAJIBU

Faudhia, pole sana. Mama hana mbadala, na kupasua kuni siku ya kumzika mama yako ni uchungu nisiomwombea mtu.

Haya, sasa tuambiane. Utawashitaki kwa kosa gani? Walichokufanyia ndicho ulichowafanyia, na umekieleza kwa mkono wako mwenyewe. Mama Titus analia mumewe yuko ndani amefunikwa, wewe unampimia vitunguu. Ulimpunguzia hata bei? Mbona hilo hukuliandika? Unasema shida. Yeye hana shida? Nyanya zake hazikuoza alipofunga genge kwenda kwa wafiwa, huku wewe ukiwahudumia wateja wake?

Nanyi wanawake wa Chiola, najua redio mnazo hapo gengeni. Mmekosea. Aliyewaudhi ni Faudhia, mkamwadhibu Bi Zuleha, aliyewapikia ninyi na mama zenu. Maiti mlimwonea, na hamna pa kumwomba radhi.

Faudhia, wapishi wa kukodi usilete. Watapika wali mzuri, na kila atakayeula atajua huna watu. Somesheni dua ndogo ya familia, kadiri ya mikono yenu. Kabla ya hapo nenda kwa mama Titus. Usiende na pesa wala na Yasini, na habari za mikorosho ziache nyumbani. Mwambie, "Mama Titus, nilikuacha peke yako," kisha nyamaza. Anaweza asikujibu. Ondoka taratibu.

Ukitokea msiba wowote, funga genge, beba ndoo, nenda nyuma ya nyumba kwenye moshi, usikae jamvini na wageni. Watakupa mgongo. Wewe chota. Msiba mwingine, chota tena. Siwezi kukuahidi kwamba watakusamehe, wengine hawatakusamehe kamwe.

Kuhama sahau. Ruangwa nako watu wanafariki, na wewe nakujua, utafungua genge.

Bi Zuleha ameshazikwa, halirudi hilo. Aliyebaki kuzikwa ni wewe.