Sanduku Lenye Kufuli Mbili

Jumatatu, 3 Februari
Nimepalilia alizeti mpaka saa nne. Kurudi nyumbani nimemkuta shemeji Elia, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu Yohana, amekaa kwenye kigoda. Macho yote kwenye sanduku la bati la Yohana. Ukoo unakaa Jumamosi kugawa mali. Kaka huchagua kitu kimoja kwanza, kinachobaki ni cha mjane. Siku zote ametaka shamba. Akilichukua, watoto watakula nini?

Jumatano, 5 Februari
Kisimani wameniuliza kama Yohana alificha dhahabu. Miezi miwili tu alikaa machimboni, akarudi na malaria. Nikasema ni madaftari ya seminari. Mama Rehema akacheka: "Wewe mwenzetu! Kufuli mbili kwa madaftari?"
Aliyafunga kwa aibu. Seminari walimrudisha nyumbani kabla hajamaliza. Nilionyeshwa mara moja, mwaka tulipooana. Kilatini kidogo kilimbakia. Alikisema akikamua, ng'ombe anatulia.

Alhamisi, 6 Februari
Nimekumbuka msemo mmoja wa Kilatini aliowahi kunieleza, kwamba watu wasichokijua hukiona kikubwa. Basi nikinyamaza, Elia atachagua sanduku. Nikisema, atachukua shamba. Funguo ninazo, ila vitu vya marehemu havifunguliwi kabla ukoo haujakaa.
Naogopa kusema. Naogopa na kunyamaza.

Jumamosi, 8 Februari
Aliniuliza mbele ya wote: "Shemeji, mle kuna nini?"
"Madaftari, shemeji. Ya shule."
Nilijua shamba limekwenda. Yeye akacheka. "Anatuona watoto huyu! Baki na shamba lako. Mimi nipeni sanduku."
Baba mkubwa, msimamizi wa kikao, akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Ana hakika. Ikaandikwa, tukaweka dole gumba. Nikatoa funguo.
Madaftari kumi na moja. Akayakung'uta moja moja. Hakuna kilichoanguka. Akanigeukia: "Dhahabu umeitoa lini?"

Jumatatu, 10 Februari
Anatangaza kijiji kizima kwamba nimeiba dhahabu. Amekata sanduku kwa patasi, anatafuta sakafu ya pili. Anataka kikao kirudiwe. Nimeunguza uji wa watoto. Nimekwenda kwa baba mkubwa kabla sijaitwa.
"Alikuuliza, ukamjibu," amesema. "Hakuna kikao kingine."
Nimelia njiani. Sijui kama ni furaha. Yohana angechukia kuona maandishi yake yametupwa uani kwa watu.

Jumatano, 12 Februari
Mvua ya asubuhi, udongo laini. Nimepalilia mistari sita. Alizeti imefika magotini.
Elia amepita na baiskeli. Nimesimama, nikamwamkia. Shikamoo, shemeji.
Marahaba, akasema, akaendelea na safari.
Nikainama tena kwenye jembe.