Nigeuze Kulia

Aabo, baba yangu mpendwa,

Leo nimekohoa, mafua tu ya kawaida, na kabla sijafikiri nikawa nimeshakunjua leso kutazama rangi. Wewe ndiye uliyeniachia tabia hii.

Kifua kikuu ulipona zamani, lakini kiliacha pafu lako la kushoto limeharibika. Kila msimu wa mvua ulitema michirizi ya damu, ukaifukia mchangani kwa ndala. "Ni kidogo," ulisema. Mwaka ule wa mafuriko, maji yalipoizingira Masalani yetu, ndipo ulipokubali kwenda zahanati. Ukamwambia daktari mgeni, "Bafu yangu natoa damu." Ulimaanisha pafu, ila lugha yetu haina "p", naye akasikia bafu, yaani choo! Akakupa dawa ya kuhara damu. Tulicheka njia nzima. Ulijigamba kwamba sasa una bafu kama matajiri wa Nairobi.

Kesho yake ulijaza bakuli damu tupu.

Nilikurudisha zahanati, na nesi akaelewa mara moja. Akakuwekea dripu, akanikazia macho: "Mlaze kushoto, upande mbovu uwe chini, damu isivuke ikajaza pafu zima. Ateme, asimeze. Usimwache ageuke." Matibabu yenyewe yalikuwa Garissa. Barabara ilikuwa chini ya maji, wenye mitumbwi waliukataa mto, na uwanja wa ndege ulikuwa tope.

Nawe ulishaanza kujiandaa kufa. Kwetu anayekata roho hulazwa kulia, uso kibla.

"Aabo, nigeuze kulia," uliniomba, ukiniita aabo kama baba zetu wanavyowaita watoto wao kwa upendo.

Nilikataa. Nilikushika bega na nyonga, wewe ukisukuma, mimi nikisukuma, sote tukilia. Sikuwa na pa kwenda: nikikugeuza nakuua, nisipokugeuza nakunyima haki yako. Damu ilipungua, nikaanza kutumaini. Kisha ikafumuka kwa ghafla, ukaniponyoka ukiwa bado umelala kushoto.

Ningekushika tena, aabo. Nalijua hilo, na bado linanibana kifua.

Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Wanaume waliporudi kutoka makaburini niliuliza jambo moja tu. Ami akanijibu, "Tumemlaza kulia."

Pumzika basi, hakuna anayekuzuia tena.

Ni mimi binti yako, uliyeniita aabo.