Papa Constant, Umwachie Mama Mkono

Mwaka mmoja umetimia, Papa Constant Baharanyi, tangu tukuzike, na hapa nyumbani Mabanga hatujazoea kukuita marehemu.

Ulikuwa mtu wa utani na wa subira. Ukienda kukata vipande vya miamba ya matope vya kupima kwenye makorongo ya Kiwanja, ulingoja jua litoke likuonyeshe kaskazini, kwani dira huku kwetu hudanganywa na mawe ya volkeno. Ulichora mshale wa kuelekea kaskazini kwenye kila jiwe kabla ya kuling'oa. Ulitufundisha kwamba tope likituama ziwani, chembe zake za chuma hulala zikifuata dira ya siku hizo, na kwamba zamani sana dira ingeelekea kusini. Kwa kugeuka huko kwa dira ulijua umri wa kila tabaka. "Jiwe bila mushale halina ushahidi," ulikuwa ukisema.

Siku ya kuondoa matanga, dada yako Micheline aliosha nyumba nzima kama ilivyo desturi, akaosha na mawe yako. Mishale ikafutika yote. Tulilia kama tumefiwa mara ya pili.

Halafu Mama Léonie, mke wako, ambaye hakuwahi kuyagusa, akaanza kuyapanga na kuyachora upya. Kila asubuhi jiwe moja, macho ameyafumba. Tulipomuuliza, alijibu bila kugeuka:

"Papa yenu ananishika mukono. Mukono yake iko baridi."

Tulidhani ni huzuni tu. Binti yako Christa akayapeleka laboratwari, na majibu yakarudi: tabaka za juu zote kaskazini, za chini zote kusini, hakuna jiwe lililopingana na jirani yake; kila mshale wa Mama ulikuwa pale pale ulipouchora wewe. Tuliogopa, Papa. Hata sasa tunaogopa.

Limebaki jiwe moja. Mama amelificha chini ya mto wa kulalia, hataki kulichora, kwa sababu anajua likiisha hilo utamwachia. Anakonda, na chakula anakigusa tu. Tunakupenda sana, lakini tunakusihi umwache, upumzike naye apumzike.

Tunaokukumbuka ni wanao Christa na Aubin, dada yako Micheline, wajukuu, na majirani wote wa Mabanga. Kukusahau hatuwezi, leo wala milele.

Mama amekataa tangazo hili litoke bila neno lake, nasi tunaliweka kama alivyolisema:

"Constant, usibasikie batoto. Shika tu."