Mshumaa Juu ya Mahameli

Rusimbi, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Usicheke, huku ndivyo tunavyowaamkia wakubwa na ulimi wangu umeshazoea. Mgongo unaendeleaje? Na lile paa lililotobolewa na vita, limeezekwa au bado mnalala upande mmoja wa nyumba? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inachemka, na nisipokuandikia nitamtukana mtu hadharani.

Unajua nimetoka kambini kwa ajili ya Bi Mwajuma, fundi wa hapa Rusimbi. Yeye ndiye aliyeniombea kibali cha kukaa mjini nimshonee, na akikasirika hasahau kunikumbusha. Mwezi huu alipata kazi ya mfarishi wa harusi, tandiko la kitanda la kujazwa pamba, kutoka kwa Mama Salma wa Bangwe, anayemwoza binti yake. Siku ya kupeleka vyombo kina mama wataupapasa kila pembe. Na kitambaa alicholeta ni mahameli nyeusi.

Mama, wewe unaijua mahameli na kiburi chake. Chaki ukiichora, ukigeuka tu imeshadondoka. Penseli haionekani, kaboni inaacha uchafu. Nikafanya ulivyonifundisha, sikugusa uso wake. Nilipanga mahameli, pamba na bitana nyeupe, nikavipiga bandi pamoja, nikawa nachora ua mojamoja nyuma kwenye bitana na kulishona kutokea hukohuko. Mbele ua linajitokeza lenyewe, alama hakuna. Ni kazi ya polepole kweli, maana kila baada ya mishono michache unageuza kuangalia kama imekaa sawa. Kwa siku nne nilikuwa nimefika nusu.

Ijumaa nilikwenda kugongewa muhuri wa kibali. Kurudi, namkuta Bi Mwajuma ameuinamia mfarishi na kipande cha mshumaa mkononi, ameichora nusu iliyobaki juu ya mahameli yenyewe!

"Unaona inavyoonekana?" akasema. "Wewe unatuchelewesha tu na mambo yenu ya Kongo."

"Bi Mwajuma, nta haitoki humo."

"Itatoka kwa pasi."

Akachukua pasi ya mkaa, akaikandamiza. Nta ikayeyuka ikazama, manyoya yakalala na hayajainuka mpaka leo. Pakabaki panang'aa kama sahani iliyoliwa mgebuka wa kukaanga.

Unafikiri aliona haya? Alimtumia Mama Salma habari kwamba mkimbizi wake ameunguza kitambaa. Mimi! Kufika Jumapili, wanawake sokoni walikuwa wananitazama mikono. Nani atanipa kitambaa chake tena? Na Bi Mwajuma akiniacha, kibali kimekwisha, narudi kwenye hema.

Jumatatu akanipeleka Bangwe nikaombe radhi. Mimi moyoni nilikuwa nakwenda kusema ukweli. Nikautandaza mfarishi, nikaugeuza.

"Mama, tazama. Penseli yangu inaishia hapa. Palipoungua, huku nyuma hapana mstari hata mmoja. Mimi nachora nyuma. Aliyechora mbele ni nani?"

Bi Mwajuma akaanza kukohoa. Mama Salma alipapasa bitana, kisha akanivuta jikoni.

"Mwanangu, mimi si kipofu. Najua si wewe. Lakini Mwajuma nimekua naye, na harusi ni wiki ijayo. Wewe ni mgeni, utapita. Omba radhi tu yaishe."

Utapita! Miaka mitatu niko hapa, nimewashonea hadi vitambaa vya makochi yao. Nikamtazama Bi Mwajuma amesimama mlangoni, nikalikumbuka hema. Nikapiga magoti, mama. Nikasema nisameheni. Na wote wawili wakanisamehe. Bi Mwajuma hata alinishika bega, akasema nitajifunza.

Namchukia kwa neno lile. Yule aliyejua akanyamaza nimemkasirikia pia, lakini nimeyakasirikia zaidi magoti yangu. Sasa tumekata palipoungua, tumeunga mahameli nyingine, naifanya upya nusu ile, nachora nyuma, na Bi Mwajuma anawaambia wateja kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Nisalimie mama mdogo na watoto wake, na kaka yangu mkubwa, mwambie nyavu alizotaka nazitafuta. Shangazi anayekuuguza mwambie namshukuru sana. Na wale kina mama unaoshona nao huko mjini Baraka wakiuliza habari zangu, waambie Faida hajaharibu kitambaa cha mtu. Waambie wewe, mama, maana mimi huku nimeshakiri.

Mwanao akupendaye,
Faida