Kuku Kichwa Juu

Jumatatu, 5 Septemba 1955

Nimechinja kuku kumi na mmoja kabla ya saa tatu. Saba wa hoteli, mmoja wa mwalimu wa Kaaga, waliobaki wa majirani hapa Majengo. Kisu nilikinoa jana nyuma ya nyumba, maana kuku haonyeshwi kisu. Wala hachinjwi mbele ya mwenzake. Maji kwanza, kibla, bismillahi, basi. Babu alinifundisha hivyo na sijakosea hata siku moja. Meru nzima hakuna mchinja kuku kama mimi. Daftari ni langu, nani atanibishia?

Mchana Ruiri kwa baiskeli. Kuku kumi na wanne, miguu imefungwa kamba ya mgomba, saba kila upande wa usukani, vichwa chini. Wakining'inia hivyo hutulia. Kimya, kama wamelala. Mlima wa kurudi umenitoa jasho mpaka kofia imelowa.

Barua ya binti yetu Mwanaisha imefika kutoka Embu. Anajifungua mwezi ujao. Mjukuu wa kwanza! Mumewe, yule fundi cherehani, tayari ameshona nepi za kitambaa cha maua. Mjinga, lakini nampenda. Pasi yangu ya biashara inafika mpaka Embu, na mama Mwanaisha ameandikwa humo humo. Zama hizi za hali ya hatari, serikali imefunga njia, ni wangapi wana pasi kama hiyo? Alhamdulillahi.

Alhamisi, 8 Septemba

Siku mbaya. Kizuizi cha njia ya Ruiri kina mzungu mpya, Bwana Mifugo. Masharubu mekundu, kaptula imetiwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Aliwatazama kuku kwanza, mimi baadaye. Akachutama, akapindua kichwa ili awaone usoni! Naapa. Eti damu inawashukia kichwani. Eti hawawezi kupumua vizuri. Eti ni ukatili, na sheria ipo. Akaandika jina langu. Akapiga mstari wa wino mwekundu kwenye pasi. Akinikuta tena na kuku kichwa chini, ataichana.

Na kando ya barabara watu kama arobaini wamechuchumaa tangu alfajiri wakingoja kukaguliwa, mikono kichwani, jua linawapiga. Wazee wamo. Huruma yote ya bwana huyu imeishia kwa kuku wangu!

Pasi ikichanwa, mjukuu nitamsoma kwenye barua tu.

Ijumaa, 9 Septemba

Baada ya sala, barazani. Abdalla muuza kahawa ameniuliza kama kuku wangu nao wamepigwa picha za pasi. Wote wakacheka. Nami kidogo.

Nyumbani nilimweleza mama Mwanaisha yote, nikingoja pole. Huyu ni Mmbeere wa Kiritiri, pole haitoi ovyo. Aliendelea kuchambua kunde. Kisha akasema, "Baba Mwanaisha, kuku unamficha kisu. Lakini kutoka Ruiri mpaka hapa unamning'iniza kama nguo kwenye kamba. Adabu yako ni ya dakika ya mwisho tu?"

Nikamwambia kuku akining'inizwa hutulia.

"Nani alikuambia? Kuku?"

Nimekula kunde mpaka sahani ikaisha. Zilikuwa tamu, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumanne, 13 Septemba

Mjanja hakosi njia. Mama Mwanaisha amenisukia tenga la fito, kubwa, la kufunga nyuma ya baiskeli. Linachukua kuku sita wakiwa wameketi kama mabibi. Sasa nani ataenda Ruiri na kurudi kwa kuku sita? Basi nimefanya hivi: kabla ya kizuizi nawasindilia kumi na wawili wote ndani ya tenga, nafunika kwa majani, napita nikitabasamu. Kona ya mbele nashuka, nawafunga miguu, nawatundika usukanini kama kawaida. Bwana Mifugo leo aliniambia "vizuri sana". Nilicheka peke yangu mpaka Majengo.

Mama Mwanaisha sijamwambia.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimerudi usiku umeingia. Niandike kabla sijalala, ingawa sitalala.

Kesho ilikuwa siku ya kupeleka kuku hotelini, nikataka kuondoka Ruiri mapema. Kuku tisa nikawatundika mapema, nikaegemeza baiskeli kwenye mti wa soko ninywe chai. Ndipo msako ukaingia. Filimbi, lori, askari kila upande. Muslimu, Mkristo, mwenye pasi, asiye na pasi, sote chini. Kuchuchumaa, mikono nyuma ya shingo, kichwa katikati ya magoti. Ukiinua kichwa, kirungu.

Tangu saa tatu mpaka saa kumi.

Mwanzoni watu walinung'unika. Mzee aliyekuwa kando yangu aliomba maji, akaomba tena, akaacha. Damu ilinijaa kichwani, masikio yakavuma. Miguu ikafa. Baada ya muda hata nzi sikumfukuza. Hakuna aliyesema kitu. Sokoni pote kimya. Nikasikia askari anamwambia mkubwa wake, "Wametulia, bwana."

Wametulia! Maneno yangu hayo. Yaliyotoka kinywani mwangu, miaka thelathini.

Tukapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia, macho mawili tu; akimtikisia mtu kichwa, huyo anachukuliwa. Kwangu hakutikisa kichwa. Nikarudi kwa baiskeli nikitambaa. Kuku walikuwa pale pale, kichwa chini, tangu asubuhi, jua limegeuka likawapata. Wawili wamekufa. Vibudu, havifai kuliwa, hata mtu wa kumpa hakuna. Saba niliwafungua wakaanguka ubavu, wakashindwa kusimama, kama mimi vilevile. Mama mmoja muuza ndizi alileta maji kwenye kibuyu bila kuombwa. Tukanywa mimi na kuku. Nililia, sioni haya kuandika.

Sita tengani. Wa saba nikamtia kifuani, ndani ya koti. Nimesukuma baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani.

Ijumaa, 16 Septemba

Sikuchinja leo. Hoteli wamekasirika. Wakasirike.

Nimemwambia mama Mwanaisha yote, hata ile hila ya kona. Hakusema "nilikuambia". Angesema ningepumua. Alikwenda kukata fito za tenga la pili.

Jumapili, 25 Septemba

Matenga mawili sasa, moja juu ya jingine, na nyasi chini. Kuku kumi na wawili, kichwa juu, njia nzima. Baiskeli inayumba kama mlevi. Kituko! Wachuuzi wenzangu wa Ruiri hunipigia saluti na salamu ya Kimeru: "Muga, dereva wa mabibi!" Mmoja aliuliza kama nitawanunulia miavuli. Nikamjibu nangoja mvua za Oktoba.

Lakini wacheke polepole. Mpishi wa hoteli ameniuliza kuku hawa nawatoa wapi. Mapaja meupe, hayajavilia damu, mabawa hayajavunjika. Nikamwambia ni wale wale wa Ruiri. Hakusadiki. Na kuna jambo jingine ambalo babu hakunifundisha: kuku aliyefika akiwa ameketi, ukimshika hapigi makelele. Anakutazama tu. Kazi ya kisu imekuwa nzito kidogo kwangu. Naona ni sawa iwe nzito.

Abdalla naye ameagiza tenga. Anasema ni la mkaa. Muongo.

Jumanne, 4 Oktoba

Fundi cherehani ametuma ujumbe kwa dereva wa lori: njooni, siku zimekaribia. Mama Mwanaisha amefunga mizigo mara tatu na kuifungua mara tatu. Tunachukua jogoo kwa ajili ya supu ya mzazi na tembe mwekundu, hajaanza kutaga, aende naye, maana mzazi hali supu ya kuku mmoja tu. Tenga dogo.

Nimeitazama pasi. Ule mstari mwekundu haujafifia hata kidogo.

Alhamisi, 6 Oktoba. Embu

Tumefika. Almanusura.

Basi la alfajiri. Utingo alitaka tenga langu lipande juu, tena akashauri kuku wafungwe miguu, watundikwe kwenye vyuma vya paa pamoja na wa wengine, nafasi haitoshi. Nikakataa. Akaniita mzee msumbufu. Kweli. Tenga nimelipakata magotini mpaka tukapita Chuka. Jogoo alimdonoa kisogoni katekista aliyekaa mbele yetu, mara mbili. Mara ya kwanza alisamehe.

Mto Thuci, kizuizi. Sote nje, mstari. Na nani anakuja na fimbo yake? Masharubu mekundu. Nilidhani tumeachana Ruiri, kumbe amehamishiwa huku.

Akaona wale wa paani, kama ishirini, vichwa chini. Wa nani? akauliza. Watu wote wakatazama mto. Akachukua pasi yangu, akaona wino wake mwenyewe, akanitazama. Uso wake ukawa mwekundu sawa na masharubu. Akaishika pasi kwa mikono miwili. Niliona vidole vikikaza. Miaka yote ya maneno mengi, siku ya haja sina hata moja.

Mama Mwanaisha akatoka kwenye mstari. Askari alimkemea, hakugeuka. Akaweka tenga miguuni pa Bwana Mifugo, akafungua kifuniko. "Kuku wetu ni hawa, bwana."

Jogoo akatoa kichwa. Tembe hakuondoka, ameketi kwenye nyasi, amejivimbisha. Bwana akamsukuma kwa ncha ya fimbo, kwa adabu kidogo. Chini yake yai. Lina joto bado. Ametaga Chuka huko, juu ya magoti yangu, na sikujua!

Yule mzungu alicheka mpaka kofia ikamtoka. Akanirudishia pasi, nzima. Kisha akaamuru wa paani washushwe wote, wafunguliwe, wanyweshwe. Utingo alipanda na kushuka na ndoo mara nne akilaani ukoo wangu. Katekista alimsaidia. Nami nilimsaidia.

Tulipoondoka nilitazama nyuma. Watu wa basi lililotutangulia walikuwa bado pale kando ya mto, wamechuchumaa, mikono shingoni. Hao hakuna aliyewapelekea ndoo. Furaha yangu ilikaa vibaya kifuani mpaka Embu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Msichana. Amezaliwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Mama na mtoto salama.

Mama Mwanaisha alikuwa chumbani, ndiye aliyenihadithia. Mkunga alimshika mtoto miguu, akamning'iniza kichwa chini, akampiga kofi alie. Bibi wa mtoto akapiga kelele: "Mgeuze, mama, Bwana Mifugo yuko njiani!" Mwanaisha alicheka katika uchungu wake. Mkunga hakuelewa kitu, lakini alimgeuza.

Jogoo nimemchinja nyuma ya nyumba. Maji, kibla, kisu mgongoni. Sikuharakisha. Tembe sikumgusa. Ni wa mjukuu huyo, na yai lake limeshaliwa na Mwanaisha.

Mvua imeanza, nyepesi. Fundi amelala kitini na nepi ya maua begani. Wameniwekea mtoto mikononi. Mzito kama kuku mmoja wa Ruiri, si zaidi. Kichwa chake nimekiweka juu ya kiwiko changu, juu vizuri. Hajalia. Amefungua macho, ananitazama.